Samaki Kwangu, Mwenyewe kwa Inno

Gisenyi,
Jumapili, baada ya misa

Mama Jeni, mke wangu,

Pokea salamu za mumeo, zimepanda milima mingi kabla ya kukufikia. Huku nimeamka salama, nimesali, nimekula, wala sina homa. Kinachoniuma ni roho tu, na hilo utalisoma mbele. Ninyi je? Jeni kikohozi kimemwachia? Na mama, magoti yanamruhusu kufika shambani? Mwambie mkwewe anamwamkia, shikamoo yake aipokee kwa mikono miwili.

Nimeandika kwa sababu simu huko kwetu Karagwe inasikilizwa na nyumba nzima, na mama akiwa amekuegemea begani. Haya ni ya macho yako peke yako. Barua anaileta dereva wa lori anayevuka mpaka wa Rusumo, mtu wa Kayanga. Mpe chai asione aibu kuomba.

Nimefurahi mno kusikia kwamba mnakuja. Nyumba nimeipaka chokaa, kitanda cha mama nimekiazima kwa jirani. Lakini uliponiambia kwamba mama ameshatangaza kanisani kuwa mkwe wake atampokea Kigali kwa basi jipya na kumpeleka Nyundo alikobatizwa, nilikaa kimya, nawe ukadhani mtandao umekatika. Haukukatika. Basi jipya sikupewa mimi, mke wangu. Kapewa Inno.

Inno ni yule dereva mwenzangu aliyekulia Goma, anayevaa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Nimemtangulia kazini miaka mingi. Basi lilipokuja, stendi nzima ilijua ni langu, hata mimi nilijua. Mkubwa wetu, tunayemwita Shefu, akasema Inno aanze nalo wiki ya kwanza, wiki ya pili nijaribu mimi, kisha ataamua.

Ungeliona! Viti vinalala, mlango unajifungua, ndani baridi kama asubuhi ya Julai. Klachi halina. Gia linajibadilishia lenyewe, dereva kazi yake ni kushika usukani na kupendeza. Langu unalijua kwa picha: injini iko mbele, ubavuni mwangu, chini ya boneti, na gia yake ni ndefu kama mwiko wa kusongea ugali wa harusi. Ukianza kupanda mlima wa Rugerero inabidi uliongeleshe. Mimi huliongelesha, nalo hunisikia.

Lakini kipya kinyemi ingawa kidonda. Abiria wangu wote walihamia kwa Inno, na aliyenimaliza kabisa ni Mama Furaha, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa hili. Mama huyu kwa miaka yote alikaa kiti cha kando ya boneti, mabeseni yake nyuma, tukipiga soga hadi Kigali. Asubuhi ile nikamfutia kiti.

"Mama Furaha, karibu, nafasi yako ipo."

"Aa, Mutanzania, leo mi napanda kwa Inno. Kiti ya kule iko inalala sawa kitanda."

"Haya. Na samaki?"

"Samaki wanakatala kule, ati harufu. Donc samaki nitaweka kwako, sivyo?"

Basi tukaondoka hivyo, samaki kwangu, mwenyewe kwa Inno. Wiki nzima nilibeba samaki wa mwanamke anayelala kwenye gari la mwingine. Kifaa cha kuzuia mwendo kimefungwa kwenye mabasi yote huku, kwa hiyo kwenye tambarare hawezi kuniacha, na hiyo ndiyo faraja niliyobaki nayo. Kwenye mlima ananipita. Akinipita anawasha taa kunisalimu, kama madereva tufanyavyo, na mimi nilikuwa najifanya narekebisha kioo. Roho iliniuma, Mama Jeni, sikufichi. Nilimwonea wivu hadi miwani yake.

Zamu yangu ikafika. Nilivaa shati lile la bluu ulilonishonea. Shefu akaagiza Inno akae kiti cha kwanza nyuma yangu, anielekeze. Anielekeze mimi! Kabla sijawasha, Inno akainama sikioni.

"Mzee, sikia. Mguu ya kushoto, ifiche nyuma, chini ya kiti. Ilale. Ikitafuta klachi itakuta frein, breki, na iko mukubwa."

"Nilianza kuendesha wewe ukinyonya," nikamjibu.

Akacheka tu. "Bon. Pole, mzee."

Mguu sikuuficha. Niuficheje mguu ulionilishia watoto? Tukatoka mjini, tukapanda Rugerero, gari likipanda bila kulalamika, na nakuambia ukweli, nilipenda. Nilipenda hadi nikaona haya. Nikawa nakuwazia wewe na mama mkiwa mmekaa nyuma yangu, mama akiwapungia watu asiowajua.

Tukafika Nyundo. Mbele wanafunzi wakaanza kuvuka barabara. Nikapunguza mwendo, na mkono wangu wa kulia ukaenda kutafuta gia ambayo haikuwepo, na mguu wa kushoto, kwa mazoea ya miaka yote, ukaenda kukandamiza klachi. Klachi, unajua, inakandamizwa hadi chini kabisa. Nikaikandamiza breki hadi chini kabisa.

"Mguu! Mzee, mguu!" Inno akapiga kelele, lakini basi lilikuwa limeshasimama kama limegonga ukuta. Wanafunzi walikuwa mbali, hakuna aliyeguswa. Ndani ndiyo ilikuwa kazi. Padri mmoja alikumbatia kiti cha mbele yake. Mama Furaha aliamka sakafuni. Na mzee mmoja alikuwa na dumu la maziwa ya mgando, anampelekea binti yake aliyejifungua, kifuniko kikaruka, maziwa yote yakamwagika kwenye viti na zulia.

"Yesu we! Mutanzania, unataka kutuua?" Mama Furaha akauliza. "Samaki yangu haiyamwagika hata siku moja!"

Madirisha ya basi lile hayafunguki. Jua likatoka. Walikataa samaki kwa ajili ya harufu, na mimi nikawapeleka hadi Kigali ndani ya maziwa yaliyochacha, kila mtu na leso puani. Inno alipiga magoti, akafuta zulia kwa fulana yake, na alipomaliza akanifutia kiatu. Ningependa kukuambia kwamba nilishukuru. Nilitamani anitukane.

Jioni, tuliporudi stendi, Shefu akapanda, akanusa, akashuka. "Nani alifanya hii?"

Inno akanitangulia kujibu. "Shefu, ni mbwa. Ilikata barabara pale Nyundo. Mzee alifunga frein vizuri sana, angekuwa mwingine angegonga."

Hapo basi jipya lilikuwa langu, mke wangu. Shefu alishaanza kutikisa kichwa kwa kukubali. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu. Lakini nikamwona Inno na ile fulana yake inayonuka maziwa yangu, nikajiona kila siku nikilipanda lile gari kwa hisani yake, naye akiniwashia taa. Nikasema, "Hakukuwa na mbwa. Ni mguu wangu."

Usinisifu kwamba mumeo ni mkweli. Uliosema pale ni wivu, si ukweli. Shefu akatutazama wote wawili, akasema, "Bon, basi jipya ni ya Inno," akaenda zake. Hasira hasara, ndiyo hiyo.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Siku yenu mtakapofika Nyabugogo, pale stendi ya Kigali, mtayakuta mabasi yote mawili, la Inno na langu, yamepangana. Inno anajua mnakuja. Keshaniambia, "Mzee, leta mama mukwe kwangu, nitamupa kiti ya mbele, bure." Anasema kwa moyo mweupe, na ndiyo maana sikulala. Najua kiti chake ni laini, najua na magoti ya mama. Mtu mwenye akili angepanda kule.

Lakini nisikilize. Kwa Inno viti vyote viko nyuma ya dereva, hakuna anayekaa ubavuni mwake. Kwangu kuna kiti cha kando ya boneti, nimekishonea mto kwa kile kitenge ulichoniachia. Joto la injini litamkanda mama magoti. Na tukifika Nyundo dirisha langu linafunguka, atatoa kichwa, asikie kengele na hewa ya alikobatizwa, nami nitapita polepole, kwa gia ya pili, mguu wa kushoto ukifanya kazi yake halali.

Nisalimie shemeji yangu fundi cherehani, na baba mdogo mwenye mgomba uliotuangukia choo, na jirani yetu muuza mandazi, mwambie ya huku hayafikii yake. Jeni mbusu. Mama msomee salamu tu, haya mengine yaruke.

Nimeshapokonywa gari, abiria na mama wa samaki. Mkifika Nyabugogo Inno atakuja mbio kuwapokea mizigo, maana ndivyo alivyo. Mpeni. Masanduku yapande kwake, wewe panda kwangu.

Mumeo,
Baba Jeni