Meza ya Vivian

Kaka Javan,

Jumatatu asubuhi tulipoteza chumba cha vitabu alichotuachia Baba hapa Kariobangi. Mpangaji uliyempa ufunguo ametoa meza na viti nje. Anataka kuuza simu.

Wifi anaendeleaje? Najua kodi ni ya dawa zake, na kwa hilo sikulaumu. Nakulaumu kwa kutoniuliza.

Ulisema siku hizi simu inajibu kila kitu. Kweli, binti yangu Vivian huiuliza hesabu za kidato cha nne na inamweleza vizuri. Lakini haimpi mahali pa kukaa. Sisi tuko watano kwenye chumba kimoja, na redio ya jirani haizimwi. Jana nilimkuta anasomea kwenye ngazi, watu wakimruka.

Kwenye meza ile ndipo niliposomea ushonaji, nawe ukinicheka: “Nabalayo, nguo hushonwa kwa macho?” Leo nina cherehani nne. Kodi aliyokuahidi mpangaji huyo nitailipa mimi, kila tarehe moja.

Utachukua ufunguo kwake au hutachukua? Nijibu kabla ya Ijumaa saa sita mchana.

Dadako,
Nabalayo