Pua ya Pikapu Imeinuka

Jumatatu, tarehe 3

Na bado nasema imependeza. Pikapu, na mwenye pikapu pia. Mume wangu Wandera ameirudisha jioni hii kutoka kwa fundi wa Malaba, sikuitambua. Zamani ilikuwa imeinama mbele kama ng'ombe anayekunywa maji. Sasa pua iko sawa na mgongo. Fundi ameweka vyuma juu ya springi za mbele, wanaviita spesa, na tairi mpya kubwa zenye meno kama ya mamba. Wandera anaizunguka na kitambaa, anapangusa mahali palipo safi.

Najua kwa nini ameiinua. Tukiwa na wiki moja tu ya ndoa tulikwama kwenye matope ya Budalang'i, nikashuka na viatu vyangu vyeupe nikasukuma. Siku ile alisema, "Mke wangu hatasukuma gari tena." Nilidhani ni maneno ya mapenzi tu. Kumbe alikuwa anaahidi. Nampenda mpaka mbavu zinauma.

Jumanne, tarehe 4

Tumezunguka mjini Busia. Naona paa za vibanda! Kupanda ni kazi: nashika kishikio cha juu, naruka, Wandera ananisukuma kwa nyuma huku anacheka. Kuna siku nitajifanya siwezi kabisa.

Jambo moja. Tuta la karibu na soko limenigonga mpaka meno. Zamani mbele ilikuwa inazama kidogo halafu inapanda. Sasa haizami. Nimenyamaza. Ana furaha sana.

Ijumaa, tarehe 7

Malaba, na mzigo wa omena, dagaa wa ziwani. Nilisema naenda kumsaidia. Ukweli siwezi kukaa kutwa bila kumwona.

Mzigo umekalia nyuma, pua imeelekea mawinguni. Giza lilipoanza kuingia taa zetu zilimulika matawi badala ya barabara. Madereva wa malori walikasirika. Mmoja alitoa kichwa dirishani akapiga kelele, "Boss, unatafuta ndege?" Nilicheka. Wandera hakucheka.

Tukikata kona tairi inakwangua bodi, krrr. Ukikanyaga breki, gari linafikiria kwanza. Mafuta yanaisha upesi. "Itazoea," anasema. Nimeweka mkono wangu juu ya mkono wake kwenye gia. Sijui kama gari huzoea.

Jumapili, tarehe 9

Mama amepiga simu kutoka Sigalame. Goti limevimba, hata kisimani hafiki. Daktari wa mifupa atakuwa hospitalini Busia Alhamisi. Pikipiki hawezi kuipanda.

Kabla sijakata simu Wandera alikuwa ameshasema, "Tutamleta sisi." Kisha akaanza kusugua shingo. Anaogopa. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Wengine siku hizi hawajali. Mama anajali. Tangu posa hadi leo hajamwambia Wandera neno moja ila kupitia kwangu.

Tumepanga. Pikapu yetu ina viti safu mbili: Wandera mbele, mimi na Mama nyuma. Nitakuwa ukuta. Nataka sana wapendane. Nataka kuliko nilivyotaka keki ya harusi.

Alhamisi, tarehe 13

Vibaya. Vibaya sana.

Tulibeba mito, maji ya kunywa, shali. Urefu hatukuufikiria. Mama aliinua mguu mzima, haukufika. Akajaribu ule mbovu, akalia. Nikamsukuma kutoka chini kwa bega, tukabaki tumeegemeana mlangoni kama walevi. Majirani wakatoka. Mama Auma wa boma la pili hakosi neno: "Nabwire, mkwe wetu amenunua gari ama ghorofa?" Mwingine akaitikia, "Leteni ile ngazi ya kanisa!" Wandera alisimama upande wa pili, uso kwenye migomba. Mwenye nguvu pale alikuwa mmoja, na ndiye asiyeruhusiwa kumgusa.

Tulileta kreti ya soda. Akapanda, jasho likimtiririka.

Njiani kila shimo lilipanda moja kwa moja hadi kwenye goti lake. Wandera aliendesha kama amebeba mayai, haikusaidia. Mama akasema, "Mwambie mwenzako mimi si mfuko wa simenti." Na huyo mwenzangu yuko hapo mbele, anasikia kila kitu! Akajibu, "Mwambie Mama pole, napunguza." Nikabana kicheko. Halafu Mama akaguna kwa maumivu na kicheko kikafa.

Hospitalini nilienda nyuma ya gari kuchukua kreti tuliyokuja nayo. Mama hakunisubiri. Alishusha mguu, mguu ukakosa ardhi. Wandera alikuwa anapita. Alimdaka. Kwa mikono yote miwili, kifua kwa kifua. Kisha akamwachia kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Mama alijifunika uso kwa leso. Hakulia. Afadhali angelia.

Daktari amemchoma sindano, amempa dawa, amesema arudi mwisho wa mwezi bila kukosa, la sivyo goti litakakamaa. Mama akapanda gari la abiria kurudi nyumbani. Neno lake kwangu lilikuwa moja: "Hilo gari silipandi tena."

Na mwisho wa mwezi atakuja na nini?

Nazichukia hizo tairi. Naandika wazi. Nazichukia.

Ijumaa, tarehe 14

Mama hapokei simu. Wandera hali. Ameuliza swali moja tu tangu jana: "Ningemwacha aanguke?" Nimemwambia hapana. Nimemwambia tena. Nimemshika masikio yote mawili nikamwambia hapana.

Jumapili, tarehe 16

Baada ya ibada alivaa ovaroli akaondoka peke yake. Hakusema anaenda wapi. Nilipika, nikapakua, nikafunika. Niliogopa. Sijazoea nyumba hii bila sauti yake.

Akarudi alasiri. Nilisikia mngurumo, nikatoka mbio bila viatu. Pua imeshuka! Imeinama vilevile kama ng'ombe wetu wa zamani. Tairi za kwanza zimerudi, fundi alikuwa hajaziuza. Spesa ziko kwenye gazeti chini ya kiti.

Nilimuuliza, "Na matope ya Budalang'i je?"

Akasema, "Utasukuma."

Tukacheka hadi tukakaa chini, pale pale kwenye vumbi. Nitasukuma. Nitavaa gambuti na nitasukuma hadi Sio Port, kwa mtu huyu.

Jumatano, tarehe 19

MAMA AMEPIGA SIMU.

Sauti ilianza kavu. Goti linaendelea vizuri kidogo. Mvua imenyesha. Mama Auma amesambaza habari hadi Funyula. Kisha akasema amekaa na shangazi zangu, wamezungumza. Aibu ya mkwe ina dawa yake: mkwe aje na blanketi, amfunike Mama nalo mbele ya watu, kuku achinjwe, yaishe. Baada ya hapo wanaweza kusalimiana kama binadamu.

Nikamwambia Mama kwamba Wandera ameshusha gari.

Nikamsikia akivuta kiti, akakaa.

"Ameshusha kwa sababu ya goti langu?"

"Ndiyo, Mama."

"Mwambie mwanangu blanketi liwe zito. Asiniletee vile vyepesi vya mpakani vinavyopitisha upepo."

Mwanangu. Sikumsahihisha. Wandera alikuwa amebandika sikio kwenye simu upande wa pili, shavu lake kwenye shavu langu, na shavu lake lilikuwa na maji.

Ijumaa, tarehe 21

Mvua toka asubuhi. Wandera alikwama njia ya ziwani, akasukumwa na wavuvi, akarudi na tope hadi masikioni. Hakulalamika. Nimeloweka suruali yake. Amelala kwenye kochi, mdomo wazi, mkono umeshuka sakafuni.

Blanketi tumenunua. La rangi ya damu ya mzee, zito, nimelijaribu mwenyewe, nikatoka jasho. Jogoo tumemfunga nyuma ya jikoni. Anawika ovyo.

Nimemtumia Mama ujumbe mfupi. Tutampeleka kwa daktari, lakini kwanza tutamwona kwake, tukae, tule, afunikwe. Kabla mwezi haujaisha, Mama, tutakuwa Sigalame.