Mito Minne ya Muuza Dawa

Shoga, nimeumbuka.

Saa nane hii ya usiku kanipigia yule fundi viatu, mteja wangu wa pale duka la dawa. Eti mchana mafua hayamsumbui, akilala tu pua inaziba na kikohozi kinamkaba.

Nikajitia daktari. Ukilala chali kamasi zinashuka kooni, nikamwambia. Inua kichwa kwa mito miwili, vuta mvuke, kunywa maji ya moto.

Sijamaliza, kikohozi kikanishika mimi. Nimekohoa mpaka simu ikaanguka.

Naiokota, bado yupo. Ananiuliza kwa upole kabisa, “Dada, kwani wewe huna mito?”

Ninayo minne, shoga. Nimeiegemea tangu saa tatu, nimekaa wima kama abiria.

Asubuhi anakuja nimpe dawa nzuri. Nzuri yenyewe ndiyo hii ninayokunywa.