Kope Zangu, Midomo Yake

Jumatatu, 6 Februari 1978. Mbeya

Kope zimeshuka tena, kipindi cha nne. Asubuhi huwa mzima. Kufika saa sita chaki inanidondoka, ubao mmoja nauona mbili. Mwalimu Mkuu, Bwana Bartholomeo, kaingia. Kasema mbele ya darasa la tatu kwamba pombe ya jana haijanitoka. Mimi — mjamzito wa miezi minne, sijawahi hata kuonja. Nikataka kumjibu. Ulimi mzito, maneno yakatoka ya mlevi kweli.

Alhamisi, 9 Machi. Iringa

Mume wangu Didas kanileta hospitali ya misheni. Kwenye basi nilishikilia kidevu kwa mkono, shingo ilikataa. Dakta Jailos kanichoma sindano, akasubiri. Kama nusu saa hivi — macho yakafunguka yenyewe! Nililia.

Anasema mishipa ya fahamu inatuma amri, na misuli ina vipokezi vya kuipokea, juu ya seli zake. Kinga ya mwili wangu, badala ya kupigana na vijidudu, inavishambulia vipokezi hivyo. Amri inafika, hakuna wa kuipokea.

"Kwa hiyo si uvivu?"

"Si uvivu, mwalimu. Wala hujarogwa."

Nimemwomba aandike hivyo kwenye karatasi yenye muhuri, nimpelekee Mwalimu Mkuu. Vidonge, kila baada ya saa nne. Haviponyi, vinasaidia tu. Nijifungulie hapa hapa, kasema.

Jumatano, 5 Julai

Wa kike. Yudith. Kilio chake hakisikiki hata kitanda cha pili.

Ijumaa, 7 Julai

Hanyonyi. Anashika titi, anaachia. Nakamua maziwa, yanapitishwa kwenye mpira puani. Dakta anasema ile kinga yangu mbovu ilipita kwenye kondo la nyuma tumboni, sasa imo katika damu yake. Kwake itaisha baada ya wiki chache. Kwangu haiishi. Tukimvusha hizo wiki, kasema, atapona kabisa.

Tukimvusha.

Jumapili, 16 Julai

Stoo ya dawa imekauka. Vimebaki vidonge vyangu kumi na kimoja, na cha mtoto kinasagwa kutoka humo. Didas yuko Mbeya tangu Alhamisi, anatafuta. Dakta anataka nimeze vyangu kama kawaida. Nimemwambia nameza.

Saa tisa — kanyonya. Mara tatu, kapumzika, mara mbili. Muuguzi, Sista Rozalia, ndiye aliyemshika kichwa, mikono yangu imechoka. Kanitazama usoni.

"Mama Yudith, umemeza lini mara ya mwisho?"

Nikafungua kinywa. Sauti haikutoka. Kaenda kumwita dakta, mbio. Mtoto kaniachia kifuani, kamwegemeza kwa mto. Naandika kwa jicho moja. Bado ananyonya