Mdakaji na Mrushaji Wake

Jumatatu, 5 Mei 2025

Zimebaki siku tano Morogoro waje kucheza nasi, na mazoezi ya leo ya besiboli yameharibika! Luciana ndiye mdakaji wangu. Anachuchumaa nyuma ya mpigaji, anamwonyesha mrushaji kwa vidole arushe mpira gani. Leo hakuonyesha kitu. Kristina, mrushaji wetu, akarusha tu, mpira mmoja ukampiga Luciana begani.

Nikamvuta Luciana pembeni. Baba yake kamkataza kucheza na Kristina kwa kuwa ni Msukuma, wa kabila la wafugaji. Mwaka jana ng'ombe waliingia kwenye mpunga wao, kijijini Mchombe.

— Ng'ombe wa kina Kristina?

— Hapana, Madam. Wa Wasukuma.

Basi!

Jumanne, 6 Mei

Nafundisha Historia, lakini ya besiboli yenyewe sikuijua. Nimesoma kwenye simu mpaka chai ikapoa. Marekani, 1884, ligi kubwa ilikuwa na mdakaji mweusi. Mrushaji wake, mzungu, akakataa kufuata ishara zake. Anarusha anavyotaka — na jamaa anadaka hivyohivyo, hajui unakuja upi! Alidakaje? Miaka mingi baadaye yule mrushaji akakiri kwamba hakuwahi kupata mdakaji bora kuliko huyo.

Halafu weusi wakafungiwa nje ya ligi kubwa mpaka 1947. Hakuna kanuni iliyoandikwa. Walielewana tu kimyakimya. Hilo ndilo linanisumbua. Unaanzaje kulivunja jambo ambalo hakuna aliyeliandika?

Jumatano, 7 Mei

Nimewasimulia wasichana. Kristina akauliza: alipokiri, yule mdakaji alikuwa bado hai? Swali zuri mno! Nimetafuta. Alikuwa hai. Kama habari zilimfikia, sijaona popote.

Kwenye mazoezi Luciana alimwonyesha kidole kimoja. Kristina akaganda kwanza, kisha akarusha. Mpira ukatua katikati ya glavu — pa!

Alhamisi, 8 Mei

Baba Luciana, Mzee Nickolaus, kapiga simu. Akasema: binti yangu au yule Msukuma, Mwalimu, chagua. Nikamwomba aje Jumamosi aone mwenyewe kwanza. Akakata.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika barazani, mvua imesimamisha mechi. Tunaongoza kwa pointi moja! Wazazi wote wamejibana hapa.

Mzee Nickolaus alikuja, tena mapema. Alisimama peke yake, mikono nyuma, hakupiga makofi. Mvua ilipoanza akanisogelea. Akauliza yule mrefu anayerusha ni binti wa nani, maana ana mkono hasa.

Nyuma yetu alikuwa Masanja, baba yake Kristina, ametoka Mofu na pikipiki, matope hadi magotini. Hakunisubiri.

— Wa kwangu huyo. Shikamoo, mzee.

Mzee Nickolaus amegeuka, anamtazama. Luciana na Kristina nao wanatazama.

Mvua inakatika. Mwamuzi anatuita uwanjani.

Marahaba bado sijaisikia.