Grisi Chini ya Sumaku

Ijumaa, Mfungo Tano. Mwaka na nusu tangu nilipoondoka Unguja.

Kaka Haji,

Shikamoo. Vipi mgongo wako, na gereji hapo Bwejuu inakwendaje? Kifua cha mama kimetulia? Mimi mzima wa mwili, ila nimeingiwa na hofu nisiyoweza kuisema kwa simu, maana mkinipigia mnaweka sauti kubwa na mama yuko pembeni anasikiliza. Barua hii nampa jirani yetu anayerudi. Isome peke yako.

Kazi yangu huku Omani unaijua: napeleka maji kwa lori kwenye kambi za wajenzi wa barabara, jangwani, ambako simu haishiki. Tunakwenda lori mbili mbili, tunasemezana kwa redio ya upepo. Antena yake inakaa juu ya paa kwa sumaku tu, haina hata skrubu moja. Nilipopewa yangu nilifanya kama ulivyonifundisha gereji, kwamba chuma bila grisi ni chakula cha chumvi. Nikaipaka grisi chini ya sumaku, ya kutosha, isishike kutu. Sikulaumu, kaka. Huko kwetu ni kweli. Huku bahari iko mbali.

Juzi upepo wa mchanga ukatukuta njiani. Mbele yangu alikuwa Bakari, dereva mwenzangu wa Tanga. Taa zake zikapotea. Nikamwita kwenye redio, kimya. Nikamwita tena na tena, mwisho nikajikuta namwita mama. Barabara siioni, nikafunga breki nikakaa. Lori limejaa maji na koo langu limekauka. Upepo ulipopungua nilishuka, nikaona magurudumu yameacha barabara zamani, na mbele yake kidogo ardhi imekatika, chini bonde. Juu ya paa hakuna antena. Imeteleza ikaanguka, waya uliokatika unaning'inia mlangoni. Kumbe muda wote nilikuwa nasema peke yangu. Nikakaa kwenye mchanga wa moto nisiusikie moto wake.

Bakari aligeuza kunitafuta. "We Mzanzibari, nakuita huitiki, umekuwa bubu?" Akapanda, akapitisha kidole juu ya paa, akakinusa. "Grisi! Unakaanga chapati huku juu?" Alicheka, kisha akashuka akalitazama lile bonde, akaacha kucheka.

Leo nimekwenda stoo kuchagua nyingine. Mzee wa stoo ni Mwarabu aliyezaliwa Malindi ya kwetu Unguja, Kiunguja chake kinanishinda mimi. Akaniwekea mbili mezani.

"Hii fupi haigongi vyuma vya juu vya mageti ya kambi, lakini haifiki mbali. Hii ndefu yafika, ila yashika upepo, ndiyo maana sumaku yake pana. Wataka ipi?"

"Isiyong'oka, mzee."

"Zote zang'oka ukizipaka mafuta, mwanangu. Futa paa likauke, iweke katikati, sumaku ilale juu ya chuma kikavu."

Bakari akaingilia: "Chukua fupi. Hiyo ndefu kila geti utashuka kuibandua, utazeeka njiani."

Nimechukua ndefu. Nitashuka. Nimeibandika, nimeisukuma kwa mikono miwili, haikusogea. Hata hivyo kila nikishuka naona kama inateleza, napanda tena kuishika.

Kesho tunatoka, njia ile ile. Ningekataa, lakini pasi yangu ya kusafiria anayo tajiri aliyeniajiri mpaka mkataba uishe. Niombee dua, na msikitini usiseme ni ya nini.

Nisalimie shemeji Zuwena, mkeo, na shangazi Bi Fatma wa Michenzani aliyenishonea kofia ya safari. Naivaa, imeshaliwa na jua. Mama mwambie nakula vizuri.

Nitegemeeni mwezi wa Rajabu, mkataba ukiisha, kabla watu hawajaanza kununua tende za mfungo. Nikichelewa, mwambie mama ni mambo ya ndege.

Mdogo wako,
Makame