Sahani ya Kaka Gaudensi

Mshangano, Jumamosi jioni

Na leo tena kaka Gaudensi amekula ugali kwa uma na kisu, peke yake mezani! Wiki ya pili sasa tangu arudi kutoka Dar, na sisi wengine tuko mkekani, sinia moja, kama tulivyolelewa.

Anasema ndivyo wanavyokula Oysterbay. Amepika kwenye nyumba moja kule tangu ujana wake. Alimkuta Mzungu, akaja mkurugenzi wa shirika la umma, sasa shirika limeuzwa na nyumba kachukua mfanyabiashara aliyekuja na viyoyozi na mpishi wake. Wote hao, kila mtu na sahani yake, kikombe chake. Anasimulia mpaka mama anacheka. Mimi nilikuwa nakereka tu. Mpishi kurudi kwao akajifanya bwana!

Leo mwanangu Skola kamwendea, akachota sahanini mwake. Kaka akamsukuma mkono kwa nguvu, mtoto akalia. Nikalipuka.

"Maringo yako ungeyaacha hukohuko pwani! Mpwa wako ana uchafu gani?"

Nikamwachia mama mtoto, nikaingia jikoni. Kaka alinifuata, akarudishia mlango.

"Si yeye, mdogo wangu. Ni mimi. Nimepimwa, nina ukimwi."

Muuguzi wa zahanati alishatuambia kwamba hauambukizi kwa kula pamoja. Nikamwambia kaka hivyo hivyo, akalia.

Kisha nikaosha sahani yake. Na mikono yangu nikaiosha mara tatu.